Bokoboko kwa Kasturiben

Muscat, Alkhamisi, Ramadhani 1970

Leo kumepoa. Upepo umeshuka mapema kutoka majabalini, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi uandame nimekaa ukumbini bila ya kujipepea. Saumu hainisumbui. Mama mkwe wangu, Bi Zuwena, kalala na tasbihi yake mkononi, sufuria iko jikoni imefunikwa, na mie nimepata nafasi ya kukaa nawe, shajara yangu, kabla alasiri haijaingia.

Nimefurahi. Naliandika hili mwanzo kabisa, maana kurasa zangu za wiki hii zote ni manung'uniko.

Nimefurahi, na nimefedheheka kidogo pia.

Jambo lenyewe ni kengele. Nyumba yetu imegusana ukuta na nyumba ya Kasturiben, Banyani, mjane wa mfanyabiashara wa vitambaa. Kila magharibi huwasha taa mbele ya rafu ya miungu yake, akatikisa kikengele cha shaba, kidogo tu, hakishindi kikombe cha kahawa kwa ukubwa. Kinalia mara chache, basi, kwisha. Tulipokuja mji huu tulikikuta, na kabla yake alikuwa akikitikisa mama mkwe wake.

Upande wa pili wa Kasturiben anakaa Ami Khalfan, ami yake Nasor mume wangu. Yeye kahamia mwaka huu huu, milango ilipofunguliwa na jamaa zetu waliotawanyika Dubai, Kuwait na Mombasa wakaanza kurudi. Ni mgane, mkewe alifia ugenini. Ni mtu wa dini na mtu wa maneno mengi. Hata mizigo hajamaliza kuifungua, akaanza: kengele inaingiliana na adhana, haifai, mji wa Kiislamu, Ramadhani hii. Akamwomba Nasor, kwa kuwa Nasor sasa ni karani serikalini na anajua kuzungumza na wakubwa, amfikishe kwa liwali Jumamosi, kengele ikatazwe. Na Nasor, ambaye hajapata kumwambia mkubwa wake "la" tangu azaliwe, akakubali.

Wallahi nilipandwa na hamaki hata khanga ikanianguka kichwani.

Nikamwambia, "Sisi Maibadhi tunasali mikono tumeiachia. Jirani wa mbele, Msunni, anaifunga. Walawatia wa Matrah, Mashia, wanasujudu juu ya kipande chao cha udongo. Nani atakuwa wa mwanzo kumsahihisha mwenzake, na nani wa mwisho?"

Nasor akasema, "Hii si khabari ya dini, ni khabari ya kelele."

"Basi mpelekeni na mfua masufuria wa nyuma, anatutwanga kichwa tangu alfajiri."

"Bibi weye, kila jambo unalikuza."

Labda. Lakini mie nina sababu yangu, na Nasor anaijua, ila hapendi niitaje mbele ya chakula.

Siku zile za 1964, Unguja, sitaziandika. Nitaandika chumba kimoja tu. Kilikuwa cha Bi Agnesi, mshona nguo wetu, Mkristo kutoka bara, aliyepanga Ng'ambo. Mimi na mama tulikimbilia kwake na nguo tulizovaa. Chumba chenyewe ukinyoosha mguu unagusa cherehani. Ukutani palikuwa na picha ya Bibi Mariamu na taa ndogo chini yake. Dhuhuri ikaingia, mama akawa anajizungushazungusha pale mkekani, anaona haya kuomba nafasi ya kusali katika nyumba ya mwenye dini nyengine.

Bi Agnesi akamtazama, akauliza, "Kibla chenu kiko wapi?"

Mama akaonesha kwa kidole, na kidole kikaishia kwenye kitanda. Basi yule mwanamke akakivuta kitanda peke yake, akasogeza cherehani, akatandika khanga safi. Akateremsha na picha. Mama akamwambia, "Iache mwanangu, ni nyumba yako." Akajibu, "Salini kwanza. Mkimaliza atarudi pahala pake." Na jioni, alipotoa rozari yake, mama akanivuta tukageukia ukutani ili naye asali kwa raha. Hapakuwa na aliyeambiwa aache chake. Tulikuwa watatu, na khofu tele, na kila mtu akapata nafasi ya kumwomba Mola wake.

Kwa hivyo mtu akiniambia kengele ya mjane inamuudhi, mie nakiona kile kitanda kinavutwa.

Haya. Jana ndiyo nilipika bokoboko.

Nilidamka nayo ngano, nikaichemsha na nyama ya mbuzi, nikaipiga kwa mwiko mpaka mkono ukafa ganzi. Bokoboko la Unguja, samli juu, kitunguu cha kukaanga, lile ambalo ukilionja huwezi kusema ngano imeishia wapi na nyama imeanzia wapi. Nikapanga sahani za majirani. Sasa, desturi ya hapa ni kwamba Kasturiben hupelekewa vikavu: tende, sukari, lozi. Wake wa Muscat wamefanya hivyo miaka na miaka. Lakini mie jana nilikuwa na hamaki zangu, na nikaona hivyo vikavu ni kumtenga. Kwa nini majirani wote wale cha moto, yeye peke yake apewe tende kama mgeni anayepita? Nikasema, na nilisema kwa sauti mwiko mkononi, leo kila nyumba sahani ileile. Sawa kwa sawa. Ami Khalfan na aone jirani anavyotendewa.

Nikaitoa ile sahani yangu ya maua ya buluu, nikaifunika kawa, nikaipeleka mwenyewe. Kasturiben akaipokea kwa mikono miwili. Alinitazama kidogo, akatabasamu, akashukuru. Nikarudi nyumbani nimevimba kichwa.

Magharibi tumefuturu. Tende, maji, kahawa, tumesali, tumekaa kwenye bokoboko. Bi Zuwena akatafuna, akasita, akatoa kitu mdomoni, akakiweka ukingoni mwa sahani.

"Huu si mfupa?"

"Umepita, Mama. Samahani."

"Nna meno machache, mwanangu, yaliyobaki nayataka." Kisha akanitazama. "Hebu. Na kwa Kasturiben umepeleka nini?"

Ewe Mola wangu. Banyani hali nyama, hilo mtoto wa Unguja analijua kabla hajajua kusoma! Tumekulia nao. Na mie, mtetezi mkuu wa dini za watu, mwenye makelele siku zote hizi ndani ya nyumba, nimempelekea mbuzi mzima aliyepondwa ndani ya ngano asionekane. Hata kuonywa na macho yake asingeweza.

Nilitoka mbio, buibui nimelivaa nje ndani. Nikagonga. Akafungua mwenyewe, na kabla sijapata pumzi nikaanza kumwaga Kiarabu changu kibovu, naye Kiarabu chake ni kibovu kushinda changu, ndiyo maana tunaelewana. Umekula? Nikamwambia usile, tafadhali, nyama, nyama imo ndani, nisamehe.

Kasturiben akacheka mpaka akashika mlango. Ati aliinusa harufu tangu nilipokuwa barazani. Hakuiingiza jikoni kwake, hawezi, lakini pia hakuwa radhi kumwaga chakula cha mtu aliyefunga. Kwa hivyo akaisimamia pale kizingitini mpaka akapita Ami Khalfan akitoka dukani kwake, akamkabidhi. Akamwambia hiki kimetoka kwenu, kina nyama, mie sili, kula wewe.

"Na aliipokea?" nikauliza.

"Kwa mikono miwili," akasema.

Nikamwomba radhi tena. Akaniambia nisilie, na hapo ndipo nilipojua kwamba nalia. Halafu akaniambia jambo jengine ambalo sikuwahi kulijua. Yeye kila siku husubiri adhana iishe ndiyo atikise kengele. Ila misikiti miwili ya mtaa wetu haikubaliani saa. Huu wa karibu ukimaliza, ule wa juu ndio kwanza unaanza, na kengele inaangukia katikati. Anajaribu, akasema, lakini taa nayo haitaki kungojea giza. Hajapata kumlalamikia mtu.

Na wala hajui kwamba kuna safari ya Jumamosi. Sikuwa na uso wa kumwambia.

Nililala vibaya. Lakini leo asubuhi, ndiyo furaha yangu imeanzia hapo.

Ami Khalfan kaja mapema, sahani ya maua ya buluu mkononi, imeoshwa, na juu yake kipande cha halua kwenye karatasi. Sahani hairudi tupu, hilo hata yeye halivunji. Akakaa ukumbini. Akamhamdia Mola. Akasema bokoboko lilimtia majonzi, maana tangu afariki mkewe hajapata kulila la namna ile. Uso wake ulikuwa laini, masikini, nikamwonea huruma. Kisha akakumbuka alilokuja nalo, akanigeukia mie.

"Lakini mwanangu, ulilolifanya jana si zuri."

"Lipi, Ami?"

"Kumpelekea Banyani nyama! Tena iliyofichwa! Yule ana dini yake, na dini yake inamkataza. Je, kama angekula? Ungeubeba wewe mzigo huo? Mtu halazimishwi kuvunja dini yake, hata kwa kutojua, hata kwa wema. Jirani ana haki zake!"

Alilisema kwa dhati, kidole juu. Na alisema kweli, kila neno. Mie nimeinamisha kichwa, nasikia joto masikioni. Nasor yuko mlangoni anafunga kilemba cha kwendea ofisini, mkono umeganda hewani.

Bi Zuwena hakuinua macho kwenye tasbihi yake.

"Na kengele, Khalfan?"

Nje mfua masufuria alikuwa akitwanga kama kawaida yake.

"Kengele ni jambo jengine," akasema Ami Khalfan.

"Jengine vipi? Nieleze, mie mzee, sifahamu upesi."

Akaivuta kanzu magotini. Akaitazama ile halua, kana kwamba jibu limo ndani yake. Nasor akaanza kukohoa, na mimi namjua Nasor, kile hakikuwa kikohozi.

Mwisho Ami Khalfan akainuka, akasema, "Nasor, Jumamosi nna kazi dukani. Hatwendi." Akafika mlangoni, akageuka. "Na nimekula mikononi mwake. Mtu hali chakula mkononi mwa mtu kisha akenda kumshitaki. Haya, nakutakieni saumu njema."

Bi Zuwena alingoja mpaka hatua zake zikapotea ndipo akasema, "Nyani haoni kundule." Nikacheka. Akaniangalia na mie vile vile, nikaacha kucheka.

Kwa hivyo kengele imepona. Na tangu asubuhi nafanya kazi zangu huku naimba kimoyomoyo, nimefagia mpaka paa.

Hata hivyo kuna jambo limeniingia na halitoki, na kwako siwezi kulificha. Kengele ya Kasturiben imepona kwa sababu Ami Khalfan anapenda bokoboko. Je, asingelipenda? Je, angekuwa hajapita pale mlangoni wakati ule? Unguja sahani zilizunguka mtaa mzima, Ramadhani kwa Ramadhani, kwa Waislamu, kwa Mabanyani, kwa Magoa, na zikarudi na vitamu juu yake, na bado siku ilipofika wako waliosahau walikula kwa nani. Bi Agnesi hakusahau, lakini Bi Agnesi alikuwa mmoja. Fadhila ni mali ya mwenyewe, akiamka na ghadhabu anaichukua. Mie nataka Kasturiben atikise kengele yake hata siku ambayo sote tumemnunia. Nataka iwe yake, kama ukuta wake ulivyo wake.

Nilimwambia Nasor hivyo wakati anavaa viatu. Nikamwambia siku hizi mambo mapya yanaandikwa maofisini, na hili nalo liandikwe, kwamba kila mtu na ibada yake, asiguswe. Akasema yeye karani tu, hatungi sheria. Nikamwambia karani ndiye mwenye kushika kalamu. Akacheka, kisha akaacha kucheka, akasimama na kiatu kimoja mguuni.

"Basi la kwangu ni hili," akasema. "Mtu mwengine akija kutaka nimfikishe kwa liwali kwa jambo kama hili, nitasema la. Hata akiwa ami yangu."

Nasor kusema "la"! Nilitaka kuita majirani waje kushuhudia.

Alasiri inaadhiniwa sasa, kwanza huu wa karibu, na bila shaka ule wa juu utafuata ukimaliza. Bi Zuwena kashaamka anauliza maji ya udhu. Kengele bado, ni ya jioni, na leo nitaisikiliza bila ya moyo kunidunda.

Sahani ya maua ya buluu iko hapa mbele yangu. Imerudi kutoka kwa Ami Khalfan, lakini aliyepelekewa hakula kitu, kwa hivyo kwa Kasturiben bado nina deni la kumpelekea. Nimefikiria tambi za sukari. Nimefikiria mkate wa kumimina. Kisha nikakumbuka yai, nikakumbuka kwamba sijui kama anakula mayai. Miaka sita ukuta mmoja, na sijui.

Kesho, kabla sijawasha moto, nitakwenda kumuuliza.