Mishale na Likizo Yangu

Jumatatu, 4 Machi

Bosi kaamua. Mfumo mpya wa kuombea likizo tutautengeneza wawili: mimi na Mishale. Mishale! Mtu ambaye kajifunza kuandika programu juzijuzi tu. Kazi yake kuzunguka ofisini akiuliza watu, ukishapokea unampa nani? Kisha anachora visanduku na mishale. Ukuta wa chumba cha mikutano umejaa. Anaiita ramani ya kazi. Mimi naona njia za siafu.

Mimi, kwenye programu, naunda vitu. Ombi ni kitu, mfanyakazi ni kitu. Kila kimoja kina taarifa zake na sheria zake, hakiguswi ovyo. Bosi anataka tuoanishe michoro yake na vitu vyangu. Haya.

Jioni wifi, mke wa kaka, kapiga simu. Mama atapasuliwa Ijumaa asubuhi. Anataka nimshike mkono mimi kabla hawajamwingiza, si mwingine. Nimesema nitakuwepo.

Jumanne, 5 Machi

Jamaa kageuza kila kisanduku kuwa kitu! Eti kuna kitu kinaitwa "Pokea", kingine "Kagua". Nimecheka mpaka watu wa uhasibu wakachungulia. Hizo ni kazi, bwana, si vitu! Sawa na kunitambulisha kwa Bwana Kufagia.

Hakukasirika. Kauliza tu, likizo ya mkuu wa kitengo — yangu — anaidhinisha nani? Nikamwambia asinipotezee muda.

Alhamisi, 7 Machi

Mfumo umewashwa. Nimeomba likizo ya kesho. Umekataa!

Mchoro wake umelirudisha ombi kwangu mwenyewe, nami niliweka sheria kwamba mwombaji hajiidhinishii. Sheria safi. Mchoro ndio mbovu. Mishale anadai mchoro umeonyesha kazi ilivyo, ila sisi hatukuamua nani aniidhinishie. Sisi! Mimi na nani?

Bosi kanipa ruhusa kwa mdomo: niende kwa mama, Mishale atarekebisha kesho kabla wateja hawajaja kuuona mfumo. Ataongeza kitu kiitwacho "Idhini" na kuhamishia humo sheria zote. Yaani kitu changu, Ombi, kibaki ganda tupu. Nimekosa hamu hata ya kula.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepitia ofisini mara moja tu, iko njiani kwenda hospitali. Nikamkuta kwenye kiti changu! Nimemwinua.

Nimebadilisha kidogo. Sasa kompyuta inajaribu mabadiliko, nami nasubiri. Inagoma. Inagoma tena.

Kasema, "Dada, nenda kwa mama. Mimi nitamalizia." Amalizie! Huyu, na visanduku vyake! Kachukua mkoba wangu, kasimama nao mlangoni kama mhudumu wa hoteli. Simtazami.

Wifi kaandika: mama keshavalishwa nguo za upasuaji, kila mlango ukifunguka anageuka. Naogopa. Na bado nimekaa.

Tena idhini kweli ni kitu. Ina mtoaji wake, ina tarehe yake, inaweza kufutwa. Nimeliona sasa hivi, na limeniuma. Mchora mishale aliliona Jumanne, alipouliza nani anaidhinisha! Lakini kuiandika, haiandiki yeye. Sitakubali wateja waone kazi yake mahali pangu.

Simu inaita. Ni wifi. Mishale anasema nipokee. Anyamaze — naandika kitu hiki kimoja tu, kisha natoka