Mbegu ya Mtindi Niliyokutumia

Kasulu, Jumatano

Shoga yangu Mwatumu,

Salaam nyingi. Hujambo? Na mvua za Kibondo mnaelewana? Mimi mzima wa mwili. Huyo Asia, mwenzako mpya wa biashara, naye namsalimu, kwa kuwa adabu inanidai.

Nasikia dukani kwake sasa mna friji mpya, na kibao chenye majina yenu mawili. Hongereni. Miaka yote tuliyouza mtindi hapa Kasulu hatukuwa na kibao, nami sikujua kama ulikitaka.

Habari za huku ni za Nestori, mtaalamu wa maziwa aliyehamishiwa kwetu kutoka Morogoro. Aliichukua mbegu yetu ya kugandishia maziwa akaitazama kwa hadubini, akaniambia ndani yake mna bakteria wa aina mbili. Mmoja hukatakata protini ya maziwa, mwenzake hula vipande. Huyo naye hutoa asidi inayomkuza wa kwanza. Nikamuuliza nani aliwafungisha ndoa. Akacheka, akasema hakuna aliyepanga. Zamani kila mmoja alijitengenezea mahitaji yake. Kisha akazaliwa asiyeweza kazi mojawapo, na badala ya kufa akanawiri, kwa kuwa alichotengeneza jirani kilimwagika bure naye hakupoteza nguvu kukitengeneza. Uzao wake ukawazidi wengine, mpaka wenye ujuzi wakaisha. Sasa ukiwatenga, wote hudhoofu.

Nilitoka pale nimenuna. Wewe ulipika, mimi nikauza, hata kupika kukanitoka kabisa. Tangu uhame naunguza maziwa tu, na wateja wa Kabanga wananiuliza uko wapi. Lakini wewe, muuzaji ulimpata mara moja! Kipya kinyemi ingawa kidonda, na kidonda hicho kina friji.

Sasa nisikilize kabla hujachemsha maziwa ya mtindi mlioagizwa wewe na Asia kwa harusi ya Jumamosi. Simu nimeiogopa, ndiyo maana naandika. Ile chupa niliyokutumia kwa Abbasi wa basi si mbegu yetu. Nestori alikuwa amewatenga bakteria wale, nami nikakutumia aina moja peke yake, nikijua maziwa hayataganda sawasawa. Nilitaka Asia aaibike mbele ya wageni, nawe urudi kwangu. Imwage.

Mbegu kamili ninayo. Nitaileta mwenyewe Ijumaa, na utanifundisha kupika upya. Nataka niweze kujipikia bila wewe, halafu nione kama wivu huu utaisha. Nadhani hautaisha.

Wasalimie wote hapo, hata yeye.

Ni mimi shoga yako,
Yusta