Benchi la Baba

Winfrida, wazee wa kanisa wamemzuia baba kuhubiri. Baba yangu!

Walikuja jana nyumbani na jani la sale. SALE, Winfrida! Tena aliyelishika ni Mzee Ndelilio, rafiki yake. Eti mahubiri ya baba yanawasema watu, usharika umekaa umeamua asipande tena madhabahuni, na wanamwomba awasamehe.

Umeona wapi Mchaga akapewa sale akakataa kusamehe?

Akalipokea. "Nimewasamehe." Basi. Wakaondoka, hata chai hawakunywa.

Sasa hivi kengele ya ibada imelia. Kavaa suti, kasimama mlangoni, hatoki. Nikamwambia baba, tunachelewa.

Akaniuliza polepole, "Kindness, ninyi huwa mnakaa benchi lipi?"