Hodi ya Nne

Jumanne, 15 Julai 2025

Alhamdulillahi. Tangu nitolewe mtoto wa jicho, leo ndiyo mara ya kwanza nimesoma kurasa arobaini bila kupumzika. Tena si kitabu cha fiqhi — ni riwaya! Mjukuu wangu Mwanamvua, mwalimu kule Mkuza, ameiandika kwa miaka minne. Mchapishaji anaingoja Ijumaa ya wiki ijayo, naye ameniomba nimsahihishie Kiswahili. Miaka hamsini nimefundisha madrasa hapa Mlandizi, watoto wa watu. Sasa wa kwangu ananipa kazi. Nashukuru.

Riwaya yenyewe inatisha. Mji usiochomozewa na jua. Waziri Mkuu alimfungia lango mwana wa sultani, kijana akaliwa na mizimu ya ukungu. Miaka imepita, binti wa marehemu amerudi kulipa kisasi.

Alhamisi, 17 Julai

Binti ameingia ikulu kwa hila ambayo Mzaramo yeyote ataielewa. Sultani amekufa, naye amejigeuza mtani wa msiba: amevaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake na sauti yake, anatoa maneno mazito mbele ya baraza, na hakuna wa kumgusa, kwa kuwa mtani haadhibiwi msibani. Wakuu watatu wameshaangamizana kwa sumu walizotegeana. Yeye alipanda fitina tu. Nimejikuta nafurahia. Astaghfirullah.

Mke wangu, Bi Sada, husikiliza huku akichambua mchele. Leo kasema huyo Waziri anakohoa kama mzee mmoja anayemfahamu. Nikamwambia amche Mungu. Akacheka hadi ungo ukayumba.

Ijumaa, 18 Julai

Sura ya kumi na tisa. Mtani anabisha mlango wa Waziri. Ndani, kikohozi. Anabisha mara tatu, anageuka, anaondoka.

Mara tatu.

Nimeswali Ijumaa. Hotuba siikumbuki.

Jumapili, 20 Julai

Naandika jambo ambalo sijapata kuliandika.

Hussen, mwanangu, baba yake Mwanamvua, aliacha masomo ya dini akafuata wapiga ngoma Kisarawe. Nikamwambia asikanyage kizingiti changu mpaka aiache ngoma. Masika ya mwaka 2001 alikuja. Alisema, "Hodi, baba." Nilikuwa nyuma ya mlango, tasbihi mkononi. Sikukusudia kumfukuza, Mungu ni shahidi. Nilitaka aombe kidogo. Nikajiwekea azma kwamba hodi ya nne nitafungua.

Lakini ni mimi niliyemfundisha, akiwa na miaka sita: hodi ni tatu, usipojibiwa, rudi ulikotoka. Alibisha tatu. Akarudi. Katika mvua ile!

Mtoto alikuwa na adabu. Niliisahau mimi niliyempa.

Haukupita mwezi, homa ikamchukua hukohuko Kisarawe. Maiti tuliizika hapa. Msibani, mtani wetu Mashaka, Mnyamwezi, alivaa shati la Hussen na kofia yake, akaja mlangoni kwangu, akabisha mara tatu, akakohoa kikohozi changu, akageuka. Watu walicheka sana. Hussen alikuwa amemsimulia akiwa kitandani mgonjwa. Nami niliingia ndani nikasema utani huo si wa dini.

Mwanamvua alikuwa na miaka saba. Alikuwa mapajani mwa mama yake, anatazama.

Jumanne, 22 Julai

Nimekwenda Mkuza kumrudishia karatasi. Alinipokea kwa shikamoo na chai ya tangawizi. Akanieleza kuwa imebaki sura ya mwisho: Waziri amepiga magoti, binti ana jambia chini ya kanzu ya marehemu, na mwandishi hajui amfanye nini mzee huyu. Nikamwambia Kiswahili chake kimetulia, ila koma nyingi. Akatabasamu.

Kisha akauliza. "Babu, yule mtani siku ya baba alibisha mara tatu tu. Kwa nini?"

Ningeweza kusema sijui. Ni kweli kwamba neno hilo lilifika ulimini.

"Ndivyo baba yako alivyobisha," nikasema. "Nami nilikuwa nyuma ya mlango, nangoja ya nne."

Nikamsimulia yote. Hakulia. Chai ilipoa. Aliuliza jambo moja tu, kama baba yake alijua kuwa nilikuwa ndani. Nikamwambia nilikohoa.

Akakusanya karatasi taratibu, akazilinganisha pembe zake. Akasema akija, atakuja Alhamisi baada ya kazi. Asipokuja, nisimpigie simu.

Nimerudi kichwa chini, kifua chepesi. Miaka ishirini na nne nimemwomba Mola toba, nami nimefundisha ubaoni kwamba haki ya mja husamehewa na mja mwenyewe. Mwenye haki mmoja amekwisha kwenda. Wa pili Mola amenibakishia, hai, na akampa kinywa cha kuuliza kabla sijafukiwa. Neema hii sikuistahili. Akisamehe au asisamehe, nashukuru.

Alhamisi, 24 Julai

Tangu nitoke kuswali alasiri, mlango uko wazi. Bi Sada kalalamika kuku wanaingia hadi chumbani. Nikamwambia waache waingie. Akanitazama, akarudi jikoni. Amebandika wali wa nazi, wa watu watatu. Sikumuuliza.

Pikipiki mbili zimepita bila kusimama.

Jua limeshuka nyuma ya ukuta wa jirani. Magharibi haijaadhiniwa.

Imesimama moja. Dereva analipwa, anaondoka. Nyayo zinakuja mpaka kibarazani, zinatulia. Mlango u wazi, ananiona, hata hivyo haingii. Ni Mwanamvua, kifuani kabana bahasha ya karatasi zake.

Hodi ya kwanza —