Kwa Mwalimu Sipriani Benedicto, Aliyetuachia Madaftari ya Maji

Wewe uliyesimama mbele ya karatasi hii, usipite. Juni mwaka jana ulisindikiza jeneza, ukarudi nyumbani ukanawa mikono, yakaisha. Miaka mitatu iliyopita ulikaa kwenye kikao cha wazazi ukaangalia kandambili zako. Leo angalia huku. Gazeti la Dar lilitaka maneno arobaini na picha. Arobaini hayatutoshi, ndiyo maana tumebandika hapa ubaoni, nje ya ofisi ya kijiji. Atakayebandua tutamjua.

Sipriani wetu, mwaka umekatika tangu tulipokulaza kwenye mchanga wa Kitopeni, mbali na Nyangamara ulikozaliwa. Tuliambiwa uchungu utapoa. Kiti chako kipo pale pale karibu na mlango na hakuna anayekikalia. Wageni tunawaambia mguu wake umevunjika.

Anayeandika kwa niaba ya familia ni dada yako Valeria, yule uliyemfundisha kusoma akiwa na miaka thelathini na miwili. Kwenye kisomo cha watu wazima wenzio walianza na a, e, i, o, u. Wewe ulimwaga jivu sakafuni ukauliza, "Dada, unataka kuanza na neno gani?" Akakujibu anataka HAPANA, maana hilo ndilo alilonyimwa maisha yake yote. Ulicheka mpaka jivu likakupalia, kisha ukaliandika kwa kidole. Mengine yote amejisomea mwenyewe, kwenye magazeti ya kufungia samaki na kwenye barua za serikali, na makatibu kata watatu wanajua alivyoyatumia.

Hivyo ndivyo ulivyokuwa. Uliamini kwamba ujuzi mtu hapimiwi kama kibaba cha unga. Anautengeneza mwenyewe, kwa macho na mikono na kwa kuuliza, na wenzake wakimsahihisha. Zamani zile watoto walipokuwa wakilimishwa shamba la shule asubuhi hadi mchana na ikaitwa elimu, ulimwuliza mkuu wa wakati huo, "Wamejifunza nini leo zaidi ya kuchoka?" Ukaitwa mpinzani wa kujitegemea. Ikaja enzi ya ruksa, kila mtu auze atakacho. Maduka yakajaa vijitabu vya maswali na majibu, majibu yakanunuliwa kama sabuni. Ukauliza swali lile lile, safari hii wakakuita mtu wa kizamani. Ulipopelekwa semina Lindi kufundishwa mbinu mpya za kumshirikisha mtoto, ulirudi unacheka: "Dada, tumekaa siku tatu tunanakili ubaoni kwamba watoto wasinakilishwe ubaoni."

Tunakukumbuka na boriti yako. Aliyekuanzisha ni Bi Mwanaheri, mchokoa pweza, ulipokuwa bado mgeni mwenye viatu vya bara.

"Shikamoo, Bi Mwanaheri. Leo umechelewa kushuka?"

"Marahaba, Mwalimu. Sijachelewa mimi, yamechelewa maji. Kila siku yanachelewa. Kwani Nyangamara kwenu hakuna maji?"

"Yapo ya kisima, Bi."

"Aa, hayo hayana habari."

"Yanachelewa kiasi gani?"

"Kiasi cha kuwasha moto ukapika wali ukaiva."

Mwingine angecheka akaenda zake. Wewe ulikata boriti ya mkoko, ukaichanja alama, ukaisimika ufukoni, ukawaambia darasa la tano wampime Bi Mwanaheri kama anasema kweli. Saa yako ya kengele, uliyoinunua kwa mshahara wa kwanza, ilibebwa kwenye kikapu kama kitoto kichanga. Toka maji kujaa leo mchana hadi kujaa kesho yake, watoto walipata masaa ishirini na nne na dakika kama hamsini. Ule ule wali. Wakagawa kwa mbili, kwa kuwa usiku yanajaa pia: masaa kumi na mawili na dakika ishirini na tano, siku nyingine pungufu, siku nyingine zaidi, na hizo pungufu na zaidi nazo wakaandika. Kila mwaka darasa jipya, daftari jipya. Kumi na nane kwa jumla. Ulipita nayo nyumba hadi nyumba ukiwasomea wazazi, na wazazi wakakusahihisha. Mke wa nani sijui alikwambia umesahau bamvua, maji yanapojaa kupita siku zote. Hukununa. Uliandika.

Sasa tuseme lile ambalo hapa halisemwi.

Mwaka tisini na nne, mtihani wa majaribio wa darasa la saba uliuliza: maji ya bahari hujaa kila baada ya masaa mangapi? Majibu yalikuwa manne ya kuchagua, na la kupata alama lilikuwa kumi na mawili. Watoto wako walilitazama wakaona halijatimia. Kumi na wanane kati yao hawakuzungushia kitu. Waliandika pembeni, kwa mwandiko mzuri, na dakika zake. Wote wakapigwa mkasi mwekundu wa kukosa, na alama nyingine zikakatwa kwa kuchafua karatasi. Shule ikawa ya mwisho kata nzima, kwa alama chache tu.

Kikao cha wazazi kiliitishwa katika chumba cha darasa la nne. Mwalimu Mkuu akasema, "Mwenzetu anafundisha watoto kubishana na mtihani." Tomaso, mwenye duka la vijitabu, akasimama. Tunamtendea haki kwa kuandika maneno yake yote: "Mwalimu, mwanangu simsomeshi ajue maji. Maji anayajua toka tumboni. Namsomesha aondoke hapa." Watu wakapiga makofi, na wewe mwenyewe uliitikia kwa kichwa, kwa sababu ulijua baba yule anasema kinachomuuma.

Hukumjibu yeye. Ulimgeukia mwalimu wako. "Bi Mwanaheri, jana ulishuka saa ngapi? Na leo?"

Akina mama thelathini walikuwa mle ndani, miguu yao ingali na chumvi. Hakuna asiyejua. Bi Mwanaheri alivuta kanga kichwani akasema polepole, "Mwalimu, mimi sikusoma."

Na dada yako Valeria, mgomvi wa kata nzima, alikuwa amekaa dirishani. Alikuwa analo lile neno la jivu mdomoni. Akahesabu vifungo vya gauni lake mpaka kikao kikafungwa. Hajawahi kukuomba radhi. Anakuomba hapa, mbele za watu, na anaomba kila anayesoma asijidanganye kwamba ni yeye peke yake.

Kesho yake uliingia darasani ukawaambia watoto, "Kwenye mtihani andikeni kumi na mawili." Mboni, binti wa jirani uliyemwita mwanangu, akanyoosha mkono. "Sawa, Mwalimu. Na maji tuyaambieje?"

Ulirudi nyumbani saa tano asubuhi. Chakula hukugusa. Ulisema tu, "Dada, nimewafundisha kudanganya, na wameelewa mara moja." Miaka miwili iliyobaki ulifundisha, ulisahihisha, uliimba kanisani, lakini saa ya kengele hukuijaza tena ufunguo. Homa iliyokuchukua ilikukuta umeshapungua.

Tunatamani kukusikia ukikohoa nje kabla ya kubisha hodi. Tunatamani maswali yako ya mezani, yale yaliyofanya chakula kipoe: chumvi inakwenda wapi ikiyeyuka, na nani kasema, na yeye alijuaje? Veronika, mkeo, bado anapakua sahani moja zaidi, kisha anakumbuka, anakirudisha chakula sufuriani.

Kwa nini tunaandika leo? Jumanne iliyopita dada yako alinunua karanga sokoni. Alipomaliza kula akafungua karatasi, mazoea yake ya kusoma kila kitu. Ndani: *Alama ya kumi na nne. Saa nane na dakika kumi mchana. Maji yametulia. Msomaji: Rosa Jerome, darasa la tano, 1983.* Stoo ya shule inasafishwa ili madawati ya tuisheni yapate nafasi, na madaftari yako wamepewa wauza karanga. Mboni alichungulia dirishani akahesabu. Kati ya kumi na nane yamebaki kumi na moja.

Kaka, boriti bado imesimama. Mboni anaisoma kila Jumamosi. Ile saa amejaza ufunguo, inatembea.

Tunaokulilia: mkeo Veronika, dada yako Valeria, wadogo zako Stephano na Consolata walioko Nyangamara, wanao Benedicto na Fortunata, na Mboni, ambaye hukumzaa lakini ni wako. Maji yakijaa tunakukumbuka, yakipwa tunakukumbuka, na yatakapochelewa kesho tutakuwa bado tunakukumbuka.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, hujamaliza. Mwandiko wa mwanao umo kwenye stoo ile, au wako mwenyewe, na pengine asubuhi hii umekula karanga zilizofungwa humo. Jumatatu saa mbili kamili stoo inafunguliwa wauza karanga wachukue yaliyobaki. Uwe mlangoni kabla yao. Bi Mwanaheri ametuahidi atakuja na kijiti chake cha pweza, na safari hii atasema mwenyewe anachokijua. Daftari lenye jina la nyumba yako lichukue, ulipeleke nyumbani, ulisome na watoto. Wakikwambia ulirudishe, neno la kuwajibu lina herufi sita. Valeria alilisoma kwenye jivu. Litamke.