Ndugu Aliyeandikwa Bomani

Mpendwa wangu Anaeli,

Sitaanza kwa kukuuliza hali, maana yangu ni mbaya na sina nguvu ya kuificha. Tangu ile Jumapili mchungaji alipotangaza ndoa yetu mara ya pili, baba yako mdogo akasimama, kofia mkononi, akasema babu zetu walikuwa ndugu na sisi ni damu moja, huku Meru nimekuwa mtu wa kutazamwa. Mchungaji alisema atasubiri ushahidi.

Unakumbuka nani alisema twende tukautafute? Ni mimi. Wewe ulikuwa karani wa mahakama pale boma, nami bibi alikuwa amenisimulia kwamba Waingereza walipokuwa bado wageni, babu yangu alishtakiwa kwa wizi wa ng'ombe mnadani Ngaramtoni, babu yako akaenda kumtetea. Nikakung'ang'ania: "Kesi iliandikwa. Lazima walimwuliza ukoo wake." Ulinicheka, kisha ukaomba ruhusa kwa bwana wako. Majuma matatu ulifungua majalada yaliyotafunwa na panya, nami nakusubiri nje na ndizi za kuchoma, unatoka vumbi limekujaa hadi kwenye nyusi. Nilikuwa na furaha, Anaeli. Nilidhani tumebakiza kidogo tu.

Siku ulipolipata jalada lenyewe ulinisomea Kiingereza chake, ukinitafsiria polepole. Ukoo haukuandikwa. Babu yako alisema mbele ya mzungu: "Namjua mtu huyu. Hawezi kuiba. Ni braza wangu." Yaani kaka, wa tumbo moja. Nikakuomba ulirudishe jalada kabatini tusahau. Ukasema, "Maandishi ya serikali hayadanganyi," ukayanakili kwa mwandiko wako mzuri ukampelekea mchungaji. Siku ile nilikuchukia, na bado nakupenda, na haya mawili sijui niyaweke wapi.

Wewe ukaomba uhamisho, ukaenda zako Mbulu. Mimi sikukaa. Nilimtafuta mzee aliyekuwa mkalimani wa boma miaka ile, nikamkuta Elerai, macho yamefifia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa."

Kesi yetu haikumbuki. Nikamwuliza: mtu akisema kwa Kimeru kwamba fulani ni mwenzake, wanaishi vizuri, yeye alimwambiaje mzungu?

"Kwa Kiswahili ni ndugu. Na ndugu kwa Kiingereza si ndiyo braza? Mzungu alitaka neno moja, mjukuu wangu. Watu walikuwa wamejaa nje."

Nililia pale pale mbele yake. Babu yako alimwita mgeni ndugu ili asifungwe, na wema huo ndio unaotuzuia sisi kuoana! Nilipomweleza mchungaji, alitikisa kichwa. Anataka maandishi, si kumbukumbu za mzee.

Basi nakuomba, nimepiga magoti. Njoo siku moja tu, uombe majalada ya miaka ile ile, ya mkalimani yule yule, usome kesi nyingine. Tafuta Mmeru aliyemwita Mchaga braza. Tafuta mtu aliyemwita hivyo jirani yake wa mfereji mmoja wa maji. Ukipata wawili tu ambao kila mtu anajua hawakuzaliwa pamoja, mchungaji atakuwa na maandishi yake. Mimi pale boma hawaniruhusu hata mlangoni. Na mama ameanza kunitajia mwanaume mwingine, mjane mwenye kahawa nyingi. Kila asubuhi namjibu hapana, na kila asubuhi sauti yangu inapungua.

Jana nimepata barua yako. Nilisoma mstari wa kwanza nikashindwa kuendelea. Umeandika "Dada mpendwa".

Lile neno la boma aliliandika mzungu asiyetujua, na mkalimani alikuwa na haraka. Hili la dada umeliandika wewe, kwa Kiswahili, na hakuna aliyekutafsiria.

Nimebaki,
Mchumba wako