Chai Niliyompa Bwana wa Chumba cha Kumi na Nne

Mombasa, ndani ya meli

Kwa Baba yangu mpenzi,

Asalaam aleikum warahmatullah wabarakatuh. Goti lako la kushoto linasemaje siku hizi? Dada Khadija aliniandikia kwamba umeanza kutembea na fimbo, na ukiulizwa unasema ni ya kufukuzia mbwa. Kifua cha Mama kimepoa? Na yule ng'ombe mwekundu amezaa, au bado anawachezea? Mimi mwili wangu ni mzima, nakula na kulala. Moyo ndio una jambo, na ndiyo sababu barua hii ni ndefu. Vaa miwani, ukae vizuri, usome mwenyewe. Usimpe Khadija akusomee, maana atalia na kuruka mistari.

Nipo Mombasa, Baba. Usishtuke. Meli imefunga gatini tangu juzi, na kesho inaondoka kwenda Bombay. Nakuandikia nikiwa kwenye chumba cha kufulia nguo, chini kabisa, na kwenye dirisha la duara naona mabati ya maghala na watu wakisukuma mikokoteni. Ni Kenya ile pale, haifiki hatua mia. Nami nimekatazwa kushuka. Ruhusa yangu ya wiki mbili nilikuwa nimeshaipata, na Mama nilikuwa nimeshamnunulia shuka ya sufu kule London. Sasa ruhusa imefutwa. Nataka ujue ilivyofutwa, kwa sababu jambo lenyewe linamhusu ndugu yangu Farah, na linakuhusu wewe.

Unajua kwamba kazi yangu ni kuwahudumia abiria vyumbani. Desturi zake sikuwahi kukueleza kwa sababu niliziona aibu. Chakula cha ukumbini kimo ndani ya nauli, mtu ale mpaka ashindwe kuinuka. Lakini anayetaka kuletewa chumbani, hata kikombe kimoja cha chai, analipia mbali. Nabeba sinia pamoja na kikaratasi, anatia sahihi, na mwisho wa safari karani anajumlisha vikaratasi vyote. Halafu kuna bakshishi, nayo ina adabu nyingi kuliko swala. Abiria anatoa mara moja tu, siku moja kabla ya kushuka, ndani ya bahasha. Sisi hatuombi. Hatuitazami bahasha mkononi mwake, hatuifungui mbele yake, na tukikuta haina kitu uso haubadiliki. Mama mmoja wa Kizungu alinipa soksi za marehemu mumewe, nikamshukuru kana kwamba amenipa ngamia. Wengine siku hiyo hujifungia bafuni mpaka tuchoke kupita mlangoni. Tunawajua, na jikoni tunawacheka mpaka machozi.

Safari hii alipanda Bwana mmoja pamoja na mkewe, watu wa kwetu Kenya, wakitoka London alikokuwa amepelekwa kusoma mambo ya utawala. Jina lake sitaliandika kwa sababu barua siku hizi zinafunguliwa. Ni mkubwa katika ofisi moja ya serikali Nairobi. Walipewa chumba cha kumi na nne, upande wangu. Siku ya pili bahari ilichafuka, mama yule akawa hawezi kuinua kichwa. Kengele ikalia, nikaenda.

"Letea mama chai," Bwana akaniambia kwa Kiingereza.

Niliitazama hali ya yule mama, nikajua chai yao ya kumwagia maziwa baridi juu haitamfaa. Nikaenda jikoni nikapika yetu, maziwa na majani na sukari pamoja, nikatia tangawizi na iliki mbili. Mama alikunywa nusu kikombe, rangi ikamrudia. Bwana akaonja iliyobaki, akaacha Kiingereza chake pale pale.

"Hii chai ni ya nyumbani kabisa. Wewe ni mtu ya wapi?"

"Isiolo, Bwana."

Akashusha kikombe. Unajua siku hizi ukitaja Isiolo mtu anakutazama mikono kwanza, kama umeficha bunduki. Kisha akacheka. "Na Isiolo nani amefundisha wewe kupika namna hii?"

Nikamwambia ni mama yangu, na kwamba baba yangu ni sajenti mzee wa jeshi la Mwingereza ambaye hajawahi kumpitisha mtu mlangoni bila kumpa kikombe.

"Basi lete kila asubuhi," akasema, "na jioni pia."

Hapo ndipo nilipofanya kosa, Baba, na nimekitafuta chanzo chake nikakikuta kwako. Mimi sikuona abiria na mkewe mgonjwa. Niliona wageni. Nilikumbuka yule Mturkana wa Ngaremara uliyempa chai akiwa amechoka, hata jina hukumuuliza mpaka siku ya tatu. Mwaka uliofuata ng'ombe wetu walipopotea aliwarudisha wote kutoka Gotu. Ulipotaka kumpa mbuzi alikataa, akasema kwako alishakunywa. Nilikua nikiamini dunia yote inakwenda hivyo. Basi kikaratasi cha chai ile ya kwanza sikumpelekea Bwana. Niliandika jina langu mwenyewe, nikatia sahihi yangu, ikakatwa kwenye mshahara wangu. Na ya pili vivyo hivyo, mpaka mwisho.

Salim, jirani yangu wa kitanda, ambaye ni mtu wa hapa Mombasa, aliviona vile vikaratasi akanivuta kando. "Ndugu yangu, abiria hana ujamaa nawe. Mtoze, uchukue bahasha yako, mwachane kwa salama." Nilimjibu kwamba watu wa mjini hawajui mgeni ni nani. Alinitazama kwa huruma, akanirudishia vikaratasi vyangu. Leo huruma ile naielewa.

Sikuwa na moyo safi peke yake, Baba, nisikudanganye. Barua ya Khadija ilinifikia London wiki hiyo hiyo tuliyoondoka. Ndipo nilipojua kwamba Farah alisimamishwa njia ya Garbatulla na magunia ya unga, kwamba pasi yake ya kusafiri ilikuwa ya siku iliyopita, kwamba wanajeshi walisema unga ni wa shifta, wale waasi wa porini, wakaondoka naye. Miezi minne na hamjui hata kama yuko hai. Ndugu yangu ambaye hawezi kuchinja kuku bila kufumba macho. Na huyu Bwana, siku moja akinywa chai, aliniambia kwamba akifika tu atatumwa kwetu kukagua vile vijiji ambamo serikali imewakusanya watu. Nilihisi Mungu amemleta. Lakini sikusema neno. Mgeni haulizwi haja haraka, ndivyo ulivyonifundisha. Wewe ungengoja siku tatu, mimi nilingoja safari nzima.

Siku ya bahasha ilifika. Baada ya chakula cha mchana Bwana aliniita, mkewe ameketi kitandani anakunja nguo. Akanyoosha bahasha. Nikairudisha kwa mikono miwili.

"Hapana, Bwana. Wewe umekuwa mgeni wangu. Ile chai yote ilikuwa yangu, si ya meli."

Akacheka, akafikiri nafanya adabu. Mama akaacha kukunja. Ndipo nikamweleza habari ya Farah, nikiwa nimesimama, mikono nyuma, jinsi ulivyokuwa ukisimama mbele ya ofisa. Sikuomba afunguliwe. Niliomba auliziwe tu, ijulikane yuko kambi gani, mkewe apate kumpelekea nguo. Bwana alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza jina kamili la Farah, nikampa. Akauliza la baba, nikampa lako. Akauliza nyumba iko upande gani wa mji. Akatoa kalamu na kuandika yote nyuma ya ile bahasha.

"Nimesikia," akasema. "Mimi nitaangalia."

Nilishuka ngazi nikiimba, Baba. Nilimwambia Salim kwamba huyu ni mtu.

Kesho yake asubuhi, kabla hatujaiona nchi kavu, niliitwa ofisini kwa karani mkuu, Mwingereza. Mezani vikaratasi vyangu vyote vilikuwa vimepangwa safu kwa safu, na kando yake ile bahasha. Bwana ameketi kwenye kiti, amevaa tai. Karani akaniuliza chai hii yote imenywewa na nani. Nikasema mgeni wangu. Akauliza tena kama hakusikia, nikajibu vile vile. Akaniambia kwamba kwenye meli hii mtumishi hana mgeni, na kumpa abiria kitu bila kumtoza ni kutaka kumfunga mikono.

Nikamtazama Bwana ili aseme. Ilikuwa rahisi sana. Angesema tu, "Huyu kijana alitutendea wema mke wangu alipougua." Safari nzima tulizungumza Kiswahili, tulicheka kwa Kiswahili, alinisimulia mpaka habari za shamba la mamake. Mbele ya karani akageuka akasema Kiingereza, polepole, nami nikaelewa kila neno. Alisema yeye alidhani chai ni takrima ya meli. Alipotazama hesabu yake jana asikute kikombe hata kimoja, alishtuka. Alisema nina ndugu anayelisha shifta, na kwamba nilikuwa namnywesha chai ili nimwingize katika mambo hayo. Alisema yeye ana cheo na ana watoto, hawezi kubeba jambo kama hili. Hapo alinitazama mara moja tu, na nilichokiona machoni pake kilikuwa woga. Laiti ningeona chuki, ingeniuma mara moja na yangekwisha.

Kisha akatoa pochi, akalipa. Akalipa chai yote, kikaratasi kimoja kimoja, karani akivichoma kwenye msumari wake. Akalipa mpaka kile cha kwanza, cha mkewe mgonjwa. Alipomaliza akaisukuma bahasha kuelekea kwa karani na kusema nipewe bakshishi yangu kwa utaratibu. Karani akanifungulia daftari nitie sahihi kwamba nimepokea. Nikatia. Sijui kwa nini nilitia. Nadhani nilikuwa nimeshazoea kutotikisa uso.

Pesa za chai zimerudishwa kwenye mshahara wangu. Ruhusa imefutwa, nimeteremshwa kwenye chumba cha kufulia, na karani amenakili yale majina kutoka nyuma ya bahasha na kuyaweka kwenye kitabu chake. Juzi tulipofunga gati niliwaona wakishuka. Mkewe aligeuka kwenye ngazi akatazama juu kwenye madirisha yetu kama anayetafuta mtu. Mumewe akamshika kiwiko, wakaenda.

Kwa hiyo ujue, Baba. Wakija nyumbani kupekua, wakikuuliza wewe ni nani wa Farah, usidhani jirani amekuuza. Ni mimi niliyetaja jina lako na kuelekeza mlango wako, kwa mdomo wangu, nikidhani nazungumza na mtu aliyekula kwetu. Nisamehe. Nina hasira na yule Bwana, nina hasira na nafsi yangu, na siku mbili hizi nimekuwa na hasira na wewe pia, kwamba ulinilea kana kwamba kila anayekunywa ana kumbukumbu. Hii ya mwisho itapita. Zile mbili sijui.

Barua hii na shuka ya Mama anashuka nazo Salim, atampa Mwirigi dereva wa miraa, yule mtoto wa jirani yetu Mama Kendi, naye atakuletea mkononi. Nisalimie Mama, umpe shuka yake, umwambie nitakuja safari nyingine, lakini sababu umwambie wewe kwa namna yako. Nisalimie dada yangu Khadija na kalamu yake. Nisalimie shemeji Halima, mke wa Farah, umwambie nguo za mumewe asizigawe. Nisalimie Mama Kendi, mwambie bado naikumbuka githeri yake ya mahindi na maharagwe. Na wazee wa msikitini wote.

Sasa tazama ndani ya ile shuka. Nimeshona bahasha kwenye pindo. Ni ile ile, sijaifungua na sitaki kujua mna nini. Nyuma yake kuna jina la Farah, na jina lako, kwa mwandiko wa Bwana mwenyewe.

Atakuja Isiolo. Wataweka viti na hema, nawe utaitwa mbele na medali zako, kama wanavyowaita wazee wa jeshi kila anapokuja mkubwa. Nenda. Mpe mkono. Kisha mrudishie bahasha yake mbele ya watu, umgeuzie upande wenye maandishi, umwambie hii umeisahau kwa mwanangu, halafu umuulize Farah yuko wapi. Hataweza kusema hamjui.

Na jua la kwetu likimchoma akakuomba cha kunywa, Baba, mwambie maziwa yameisha.

Mwanao anayekupenda,
Yusuf